UZI: Sauti iliyotangaza pambano la Dempsey na Carpentier 1921 ilikuwa ya nani hasa?

Mzee wa Valvu

Wakuu habari za jioni. Leo nawaletea kesi ya kizamani, wapenzi wa ngumi na wale wenzangu tunaokusanya redio za valvu mtaielewa haraka, wengine vuteni viti.

Tarehe 2 Julai 1921, Jersey City, ng'ambo ya mto tu ukitokea New York. Jack Dempsey, bingwa wa dunia uzito wa juu, anazichapa na Mfaransa Georges Carpentier. Siku hiyo kuna sauti ya mtu iliruka hewani ikielezea mchezo konde kwa konde, na wanaokadiria wanasema waliosikia walikuwa kati ya 200,000 na 300,000. Ukiuliza leo ile sauti ya nani, utajibiwa fasta: Meja J. Andrew White, alikuwa amekaa pembeni ya ulingo.

Sasa mimi nakwambia siku ile hakuna msikilizaji hata mmoja aliyeisikia sauti ya White. Hata mmoja. Na hapo ndo uzi unapoanzia, nashusha taratibu msinikimbize.

kijiti_cha_moto

Nimekaa paleee

Dogo wa Manzese

Chai hii mkuu. Mtu yupo ulingoni, anatangaza, watu wanasikia, halafu sio yeye? Mapepo au?

Mzee wa Valvu

@Dogo wa Manzese tulia, mapepo hayapo, ila kuna kibanda cha bati.

Kwanza niwape picha ya pambano lenyewe maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini watu walihangaika kiasi kile. Promota alikuwa Tex Rickard, jamaa mwenye akili ya pesa balaa. Alijenga uwanja mzima wa mbao kwa ajili ya pambano hili moja, eneo linaitwa Boyle's Thirty Acres, wakaingia watu kama 80,000, na mapato ya mlangoni yakafika dola 1,789,238, mara ya kwanza kwa ngumi kuvuka milioni moja. Mbao zenyewe zilikuwa zinayumba watu wakisimama kwa pamoja, Rickard akaingiwa na hofu jengo lisije likashuka na watu wake.

Na ilikuwa imeshindiliwa chumvi na pilipili pia. Dempsey alikuwa Mmarekani anapigana nyumbani lakini wengi walikuwa hawamtaki, walimwita mkwepa vita, maana Vita ya Kwanza ya Dunia hakwenda, alishtakiwa kwa hilo na mwaka 1920 mahakama ikamwona hana hatia ila mtaani kesi haikuisha. Carpentier kwa upande wake alikuwa rubani wa vita mwenye medali za Ufaransa, mtanashati, akina mama wanampenda. Kwa hiyo Marekani inamshangilia mgeni. Uzito sasa, Dempsey ratili 188, Carpentier 172. Ukiangalia kwa jicho la ngumi tu unajua hapa kuna mtu anaenda kuumia.

Bondia Mstaafu Keko

Hiyo ya uzito ndo kila kitu. Ratili 16 kwa mtu kama Dempsey ambaye anaingia ndani muda wote na kupiga mbavu ni sawa na kuongezewa mpinzani wa pili. Na Carpentier raundi ya pili alimpiga Dempsey konde la kulia zuri mno, Dempsey akayumba kweli, ila Mfaransa akavunjika dole gumba kwenye hilo hilo konde. Baada ya hapo alikuwa anapigana na silaha ya nusu. Raundi ya nne akaenda chini, akaamka, akaenda tena, kwisha. 1:16 ya raundi ya nne.

Halafu wengi hawajui, siku hiyo hiyo kwenye mapambano ya utangulizi alikuwepo Gene Tunney, yule aliyekuja kumvua Dempsey mkanda 1926. Kijana tu anapigana jua linawaka watu bado wanatafuta viti vyao.

Mzee wa Valvu

Ahsante mkuu, umenipunguzia kazi.

Sasa tuje kwenye redio. 1921 redio ya kusikiliza nyumbani ilikuwa ndo inazaliwa. KDKA ya Pittsburgh ilianza matangazo Novemba 1920, basi. Watu wengi waliokuwa na vifaa ni wale vijana wa redio za ridhaa, wanaotengeneza wenyewe mezani, wanasikiliza kwa hedifoni. Kampuni ya redio ya RCA ilikuwa haina kituo cha kutangazia watu kule New York. Ila ilikuwa na kijana mmoja mwenye njaa ya kupanda, David Sarnoff, mwaka huo ndo alikuwa meneja mkuu, na alikuwa na White, mhariri wa gazeti la Wireless Age na kiongozi wa chama cha watu wa redio za ridhaa. Wakasema tutangaze hili pambano.

Tatizo transmita, yaani mtambo wa kurushia matangazo hewani, hawana. Kampuni ya General Electric ilikuwa imetengeneza transmita ya kilowati 3.5 kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani, ilikuwa bado haijakabidhiwa. Wakaiazima. Aliyesaidia mlango ufunguke anatajwa Franklin Roosevelt, ndio huyo huyo aliyekuja kuwa rais, alikuwa ametoka kuwa naibu waziri wa jeshi la majini na sasa anaongoza Navy Club, na pesa za watakaolipa kusikiliza kwenye kumbi zilikuwa zinaenda kwa hiyo klabu pamoja na kamati ya Anne Morgan ya kusaidia Ufaransa iliyobomolewa na vita. Kwa hiyo kila mtu ana sababu ya kusema ndiyo.

Wakaipeleka Hoboken, stesheni ya treni ya kampuni ya Lackawanna. Kwa nini pale? Kwa sababu reli ile ilishawahi kujaribu mawasiliano ya redio na treni miaka ya 1913 huko, mnara wa antena ulikuwepo tayari. Wakafunga antena, wakapewa jina la kituo la muda WJY, urefu wa wimbi mita 1600. Na mitambo yote ikaingizwa kwenye kibanda cha bati ambacho wahudumu wa mabehewa ya kulala ya Pullman walikuwa wanabadilishia nguo. Wale wahudumu walikuwa watu weusi karibu wote, chumba chao cha kubadilishia nguo ndo kikachukuliwa.

Sasa angalia ramani. Kibanda kipo Hoboken. Ulingo upo Jersey City, mbali kidogo, mtu hawezi kupaza sauti ikafika. White yupo ulingoni na simu. Simu inaenda mpaka kibandani. Hapo kila mtu anamaliza hesabu anasema basi sauti ya White iliingia kwenye simu ikatoka kwenye antena.

Haikutoka.

kijiti_cha_moto

Usituache hapo mzee utakuwa umetudhulumu

Mama Zuwena

Mie nasubiri huku nachambua mchele, endelea baba

Mzee wa Valvu

Kampuni ya simu, AT&T, iligoma. Laini ya simu walitoa ila kuiunga kwenye transmita wakakataa. Mtu aongee na mtu sawa, lakini sauti ipite kwenye nyaya zao halafu iende hewani kwa mitambo ya mwingine, hapana. Mnaojua biashara ya mawasiliano mnaelewa, hawa nao walikuwa wanaliangalia soko hilo hilo, na mwaka uliofuata 1922 wakafungua kituo chao wenyewe cha WEAF.

Kwa hiyo upande wa pili wa simu, ndani ya kibanda cha bati, mwezi wa saba, joto lile la New Jersey, pembeni ya transmita inayowaka kama tanuri, alikaa fundi anaitwa J. Owen Smith. Anasikia White anasema kwenye simu, halafu YEYE ndo anaongea kwenye maiki. Wengine wanasimulia kwamba alikuwa anaandika harakaharaka halafu anasoma, wengine wanasema alikuwa anarudia papo hapo. Lakini kwa vyovyote aliyesikika ni Smith. Nchi nzima ya mashariki kule, kwenye kumbi za sinema na majumbani mwa wale vijana wa redio, walikuwa wanamsikiliza fundi mitambo ambaye hajaona ngumi hata moja.

Dogo wa Manzese

Sasa hapo nimeelewa, kumbe mwamba alikuwa anafanya kama DJ Afro, movie inaongea yake yeye anaongea ya kwake

Bondia Mstaafu Keko

😂😂 DJ Afro angalau anaiona movie. Huyu haoni kitu, anaambiwa tu "kushoto, kulia, wameshikana" anatoa hewani

shemeji_wa_redio

Samahani mwenye uzi, mimi niliwahi kukutana na klipu mtandaoni ya hili pambano, sauti ya mwanaume anatangaza kwa mbwembwe na makelele ya watu nyuma. Ile sasa ni ya Smith au White?

Mzee wa Valvu

Ya wote wawili sio. Hakuna rekodi inayojulikana ya matangazo yale. Na ukitumia akili ya ufundi tu unajua, kurekodi kwa maiki kibiashara kulianza 1925. Mwaka 1921 santuri ilikuwa inarekodiwa kwa tarumbeta kubwa, mwimbaji anasogea pale anapaza sauti, mtetemo ndo unachora nta. Hakuna mtu aliyekuwa na namna rahisi ya kunasa kitu kinachotoka redioni nyumbani kwake. Halafu kelele za watu nyuma ndo zinaiumbua kabisa hiyo klipu, maana Smith alikuwa kibandani na mitambo, kelele za uwanja zitokee wapi? Hizo ni za kuigiza baadae, au ni pambano jingine wamebandika jina.

Na hii ndo inafanya kesi iwe ngumu, ushahidi ambao ungemaliza ubishi siku moja haupo. Tuna maandishi tu.

mwalimu_wa_jiografia

Naomba nichangie. Huu uzi unazungumzwa kama vile ndo matangazo ya kwanza ya ngumi duniani. Sivyo. KDKA walishatangaza Johnny Ray na Johnny Dundee pale Motor Square Garden, Pittsburgh, tarehe 11 Aprili 1921, mwandishi wa michezo Florent Gibson ndo alikuwa ulingoni. Hiyo ni karibu miezi mitatu kabla.

Mzee wa Valvu

@mwalimu_wa_jiografia upo sahihi mia kwa mia na ndo maana sijaandika neno "kwanza" kwenye kichwa cha uzi. RCA ndo walikuwa wanapenda sana kujiita wa kwanza. Ukubwa wa Dempsey na Carpentier ulikuwa kwenye umati, lile lilikuwa pambano la dunia nzima, la Pittsburgh lilikuwa la Pittsburgh.

Mama Zuwena

Swali la mjinga, huyo Smith akikosea je? Akisikia vibaya akasema Mfaransa kashinda?

mwalimu_wa_jiografia

Mama sio swali la mjinga hata kidogo. Mtindo ule uliendelea kutumika. Oktoba 1921, World Series, yaani fainali za baseball, kituo cha WJZ kule Newark, mwandishi yupo uwanjani na simu, na studio kuna jamaa anaitwa Tommy Cowan anarudia anachosikia. Cowan mwenyewe alikuja kusimulia kwamba mechi iliisha akaulizwa nani kashinda, hajui. Alikuwa anapitisha maneno tu, akili haikubaki na kitu.

Na Ronald Reagan, rais yule, kabla ya sinema alikuwa mtangazaji wa WHO kule Des Moines miaka ya 1930, anapokea telegramu za baseball anazipamba kama vile yupo uwanjani. Siku moja telegramu ikakatika, akabaki anamfanya mpigaji apige mipira ya nje mfululizo mpaka laini irudi. Alikuwa anajivunia hadithi hiyo mpaka uzeeni.

Dogo wa Manzese

Kwa hiyo mnataka kuniambia Smith nae inawezekana alitunga?

Mzee wa Valvu

Pambano la raundi nne na White yupo kwenye simu muda wote, nafasi ya kutunga ilikuwa ndogo. Ila lazima alikata. Mtu anaongea kwa kasi ya ngumi, Dempsey akiingia ndani anatupa makonde matano kwa pumzi moja, wewe unarudia, utayarudia yote? Utachagua. Na hapo kwenye kuchagua ndo Smith anakuwa mtangazaji na sio waya.

Kuna yale maneno ya mwisho yananukuliwa kila mahali kama ya White, kwamba alihesabu saba, nane, tisa, kumi, Carpentier kwisha, Jack Dempsey bado bingwa wa dunia. Sawa, White huenda aliyasema kwenye simu hivyo hivyo. Waliyoyasikia watu ni ya Smith. Alihesabu kwa mwendo gani? Alipaza sauti au alisoma kama mtu anayesoma orodha ya mizigo? Hilo ndo ningelipa hela kulisikia.

Na kuna utamu mwingine, ile transmita ilikuwa imechemka vibaya sana siku ile nzima, mara pambano limeisha tu nayo ikafa. Dempsey angechelewa raundi kadhaa leo tusingekuwa na uzi. Dole gumba la Mfaransa liliwaokoa RCA.

Bondia Mstaafu Keko

Hahaha hiyo ya dole gumba naichukua naenda nayo gym

kijiti_cha_moto

Sasa jibu lenyewe, kwa nini jina likabaki la White? Kuna mtu alilificha la Smith makusudi?

Mzee wa Valvu

Hapa natoa maoni yangu, mnaweza kunipinga.

Kufichwa kwa makusudi sidhani. Mafundi wenzake walijua, na wanaoandika historia ya redio kwa undani wanamtaja Smith. Lakini angalia nani alikuwa na kalamu. White alikuwa mhariri wa gazeti. Halafu baadae akaendelea kuwa mtangazaji mkubwa kweli, jina lake likawa na uzito, kwa hiyo mtu akisimulia 1921 ni rahisi kusema "White alitangaza" na kila mtu anakubali bila kuuliza simu ilikuwa imeungwa na nini.

Na Sarnoff, huyu ndo kiboko. Alikuja kuwa bosi wa RCA kwa miaka mingi, na alikuwa na kipaji cha kuitengeneza historia yake mwenyewe. Hadithi ya Titanic 1912, eti alikaa peke yake kwenye mashine ya telegrafu kwa saa 72 akipokea majina ya walionusurika, wanahistoria wameichambua wakaona imekuzwa mno, alikuwa mmoja wa waendeshaji kadhaa. Kuna na ile barua yake ya kutabiri redio ya kila nyumba, "sanduku la muziki", tarehe yake nayo wamebishana sana kama ni 1915 au 1916. Mtu wa namna hiyo akisimulia siku ya Dempsey, simulizi itakuwa na mwenye maono, mwenye sauti na umati. Fundi aliyelowa jasho kwenye kibanda cha wahudumu wa treni anaharibu picha, maana ukimtaja inabidi ueleze na kwamba kampuni ya simu iliwagomea, na kwamba maajabu yenu ya teknolojia yalikuwa ni mtu mmoja anamrudia mwenzie.

shemeji_wa_redio

Mimi nakupinga hapo. Mtangazaji wa ngumi ni yule anayeziona. Kazi ngumu ni kujua hili konde limeingia au limezuiwa, yupi kaumia, yupi anajifanya. Yote hayo kafanya White. Smith kasoma. Msoma taarifa ya habari sio mwandishi wa habari. Mpeni White haki yake.

Bondia Mstaafu Keko

Naungana na shemeji nusu. Kuangalia ngumi ni kazi, nimekaa na majaji watatu wameona raundi tatu tofauti. Ila mkuu Valvu anaongelea SAUTI, na kichwa cha uzi kinauliza sauti.

Mzee wa Valvu

Maneno ya White sijamnyang'anya. Ninachosema, kila kitabu cha hadithi kinachoandika "mamia kwa maelfu waliisikia sauti ya White" kimeandika kitu ambacho hakikutokea. Nusu ya kazi iliyofanyika siku ile imepewa mtu ambaye hakuifanya. Na hata hiyo idadi ya wasikilizaji, 200,000, 300,000, ilihesabiwaje? Hapakuwa na njia ya kuhesabu mtu aliyevaa hedifoni chumbani kwake. Ni makadirio, na yalikuwa na faida kwa kampuni inayotaka kuuza redio.

mwalimu_wa_jiografia

Kwa wanaopenda kufuatilia maeneo, ule uwanja wa mbao ulibomolewa 1927. Stesheni ya Hoboken bado ipo na treni zinaingia kila siku.

Dogo wa Manzese

Mzee na ile 1927 ya Dempsey na Tunney, ile Tunney kaangushwa akahesabiwa taratibu, nayo ilikuwa redioni si ndio? Au hapo napo kuna mtu kibandani?

Mzee wa Valvu

Hapo mambo yalishabadilika, mtandao wa redio wa NBC ulishazaliwa, Graham McNamee alikuwa ulingoni Chicago na maiki yake mwenyewe na sauti ilienda hewani moja kwa moja. Kesi ya pale ni hesabu ya refa Dave Barry, sio ya redio, hiyo aianzishe @Bondia Mstaafu Keko mimi nitakuja kuchangia.

Bondia Mstaafu Keko

Naianzisha Jumamosi, na nakuja na msimamo: Tunney angeamka hata kwa hesabu ya kawaida. Mje na mawe yenu.

Mama Zuwena

Mie bado nipo na Smith. Wali umeungua